Uji Ukiisha

Mwalimu wa chekechea hakuwa na saa, na hakutaka kuazima ya mtu. Pale machimboni kila mwanaume aliyepata gramu mbili tatu alianza kwa kununua saa ya mkononi, akaivaa hata akishuka duarani, yaani ndani ya shimo la dhahabu, kwa hiyo saa zilikuwepo nyingi kuliko vikombe. Lakini ukimuuliza Mwalimu mtoto wako atatoka saa ngapi, alikujibu: "Uji ukiisha." Ukiuliza tena, kwa sababu una haraka na umeacha maharage motoni, alikujibu vilevile, ila kwa sauti kubwa zaidi.

Jina lake nalijua lakini sikuwahi kulitumia, na leo si siku ya kuanza. Kwao ni Natta. Hilo tulilijua kwa jinsi alivyokivunjavunja Kikurya chetu, na zaidi ya hapo sikumuuliza. Miaka ile ya rashi hatukuulizana sana. Watu walitoka Itiryo, Ringwani, Sirari, wengine ng'ambo kwa ndugu zao Kenya, wakakutana kwenye mlima mmoja uliojaa mashimo, na mtu mwenye maswali mengi alidhaniwa ana lake jambo.

Mimi nilikuwa mama lishe. Niliuza ugali, maharage na chai ya maziwa kwenye kibanda cha maturubai, na niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa miguu kuwasha. Sikai. Hata sasa ninapoandika haya nimeshainuka mara nne, mara kuangalia mlango, mara kuonja chai ambayo naijua imepoa. Nafikiri rashi ilinikuta nikiwa hivi tayari, ikanipa sababu tu. Neno hilo kwetu lilimaanisha jambo moja: pakisikika kuwa dhahabu imeonekana mahali papya, watu wote wanakimbilia huko kabla wengine hawajajua. Asiyekuwepo na lake halipo, tuliambiana hivyo kutwa. Na ili uwepo kabla ya wengine ilibidi uondoke kimya, bila kumwambia mtu, hata uliyelala naye kitanda kimoja.

Mume wangu, Baba Bhoke, aliondoka hivyo. Niliamka nikakuta koleo halipo, buti hazipo, na binti yetu Bhoke, wa miaka mitano, amekaa mlangoni anaangalia njia. Wengine walisema ameelekea upande wa Geita, wengine wakasema nyuma ya Geita. Sikulia sana, nilikuwa na wateja. Bhoke ndiye aliyebadilika. Tangu siku ile nikienda chooni ananifuata, nikiinama kwenye jiko ameshika upindo wa kanga yangu, na nikilala anajifunga kipande cha kanga hiyo mkononi mwake. Mara mbili nilimwagikiwa maharage kwa sababu yake. Nikaamua aende kwa Mwalimu, si kwa ajili ya elimu, nisidanganye, bali nipate kupumua.

Shule yenyewe ilikuwa banda la mabati. Zamani lilikuwa la karasha, ile mashine ya kusagia mawe, mpaka mwenye mashine alipoihamisha. Vumbi jeupe la mawe lilibaki kwenye kuta na halikutoka kwa maji wala kwa fagio, na watoto walirudi nyumbani na nywele za wazee. Waliandika kwa vidole kwenye masinia yenye mchanga. Kuhesabu walihesabu kwa kokoto, na Mwalimu alipata taabu hapo, maana watoto wa machimboni hawakuona kokoto kumi, waliona kokoto saba za bure na tatu zenye dalili ya dhahabu.

Mwalimu alikuwa mfupi, mwenye mkono wa kushoto uliopinda kidogo, na hakukaa kitini. Watu walisema ana siafu kwenye sketi. Alizunguka banda akifundisha, akatoka nje kuchochea moto wa uji, akarudi na sentensi aliyoiacha nusu. Kuimba hakujua kabisa. Aliimba wimbo wa herufi kwa sauti iliyofanya mbwa wainuke, na watoto walimpenda kwa hilo, kwa kuwa hata aliyeogopa sana aliona kwamba huyu siwezi kuimba vibaya kumzidi. Pia alinusa ugoro. Alijificha nyuma ya banda kunusa, akarudi macho yakimtoka machozi, na watoto wote wakamwambia pole kwa pamoja.

Mtoto mgeni hakumfundisha kitu siku ya kwanza. Alimuuliza kwao wanaitaje uji, wanaitaje moto, wanaitaje kikombe, kisha yeye akarudia, akakosea, akarekebishwa. Kama mtoto ni Mjaluo alirekebishwa kwa Kijaluo, kama ni Mkurya kwa Kikurya. Nilimwona mtoto mmoja wa kutoka upande wa Sirari, aliyekuwa hajafungua mdomo tangu alfajiri, akicheka mpaka akashika tumbo kwa jinsi Mwalimu alivyotamka neno lao. Kesho yake alikuja anakimbia, ana maneno mengine ya kumfundisha.

Akina baba walimkera. Walikuwa na kipimo chao cha zamani: mtoto apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili, akilifikia basi amekomaa, apelekwe shule. Siku moja mchimbaji mmoja alileta mtoto wake, akaupitisha mkono wa mtoto kichwani, akauvuta kwa nguvu mpaka vidole vikagusa sikio.

"Umeona, Mwalimu? Ameshika. Mwandike."

"Naona sikio, naona na mkono unaovutwa," Mwalimu akasema. "Sasa mwache, utoke mpaka pale kwenye jiwe, nione kama ataweza kubaki."

Yule baba alipopiga hatua tatu mtoto akaanza kupiga kelele za kuchinjwa.

"Hajakomaa bado," akasema baba kwa aibu.

"Mtoto hana tatizo. Hajui kama utarudi. Wewe mwenyewe unajua?"

Mchimbaji yule alicheka, maana pale hilo lilikuwa swali la kweli. Duara huwa halitoi ahadi. Mwalimu hakucheka.

Basi zamu yangu ikafika. Nilimpeleka Bhoke asubuhi na mapema, nimempaka mafuta mpaka anang'aa, nikiwa na mpango wangu. Ni mpango wa kila mama: unamwonyesha mtoto kitu cha kuchezea, akigeuza uso, wewe mguu niponye. Nilishasogea hadi mlangoni nilipoona Mwalimu amesimama mbele yangu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Unakwenda wapi, Mama Bhoke?"

"Naondoka kidogo kidogo, asione. Akiona atalia."

"Acha alie. Akilia nitamnyamazisha, hiyo ndiyo kazi yangu. Lakini ukimtoroka, kesho hatalia, ataangalia mlango tu, na mtoto anayeangalia mlango mimi sina la kumfundisha. Baba yake aliaga?"

Nilikasirika. Nilimwambia angeagaje na rashi ni siri, na kwamba mambo ya nyumba yangu hayamhusu, na kwamba nina wateja. Nilisema asiyekuwepo na lake halipo.

"Sawa," akasema. "Na la mtoto lipo wapi?"

Kisha akanirudisha nyumbani. Kweli kabisa, alinirudisha na mtoto wangu, nianze upya. Utaratibu wake ulikuwa kwamba mama hampeleki mtoto shule. Mtoto ndiye anayempeleka mama. Bhoke alinishika mkono kutoka kibandani, akatangulia mbele, na kwenye njia panda ilibidi yeye ndiye aseme tupite wapi. Alipotea mara moja, nikataka kumvuta, nikakumbuka, nikamfuata mpaka kwenye kichaka cha watu kujisaidia, tukarudi. Tulipofika Mwalimu alimwamkia Bhoke kwanza. Akamuuliza: "Umeniletea nani leo?"

"Mama."

"Mwonyeshe pa kukaa."

Bhoke akanikalisha kwenye benchi la watoto, magoti yangu yakafika kidevuni. Nilikaa hapo asubuhi nzima. Kando yangu alikuwepo mama mwingine, mfanyabiashara wa mitumba mwenye ndugu pande zote mbili za mpaka, naye alilalamika: "Mwalimu, sasa mimi nikae hapa nikifanya nini? Niko na biashara, bwana. Wateja watanihama." Mwalimu akampa sinia la mchanga aandike a. Sijawahi kuteseka vile. Miguu ilinicheza, maharage yalikuwa yanaungua kichwani mwangu, lakini niliona kitu. Bhoke aliponiona nimekaa, na nimekaa vibaya kuliko yeye, aliachia kanga. Aliiachia mwenyewe, akaenda kuangalia moto wa uji.

Uji ndio uliokuwa saa. Siku ya pili mama alibaki mpaka uji uwekwe motoni, akaaga, akasema anakwenda wapi, akarudi uji ukiiva. Siku ya tatu akarudi uji ukipoa. Siku ya nne akarudi uji ukiisha, na hiyo ndiyo ilikuwa siku yenyewe ya shule, kuanzia hapo mtoto amehitimu. Mtoto wa miaka mitano hajui saa sita, lakini uji anaujua, anauona, anao mkononi. Mama akichelewa hata kidogo alirudishwa siku ya kwanza, kwenye benchi. Wengine walirudishwa mara tatu. Yule wa mitumba alikaa wiki mbili mpaka akajua kuandika jina lake, na hakuwahi kuliandika kabla.

Tena hakuruhusu mtu mzima kukimbia uwanjani kwake. Alipanga mstari wa mawe meupe kuzunguka banda, ukifika hapo unatembea, hata kama mlima unaanguka. Watoto wetu walikuwa na mchezo wao, mmoja anapanda juu ya kifusi anapiga kelele "Imetema!", yaani duara limetoa dhahabu, na wote wanatimka kuelekea upande wowote. Siku moja kelele ilitoka mlimani kweli. Wazazi walishuka wakikimbia kuja kuchukua watoto, waende nao au wawaache kwa jirani, na Mwalimu alisimama kwenye mawe yake mkono uliopinda ukiwa juu. "Tembea! Tembea, mura! Wewe, tembea!" Wanaume waliotoka chini ya ardhi na vumbi usoni wakaanza kutembea, wakihema. Mtoto wa kila mmoja alimwona baba yake anakuja kwa hatua za kawaida. Hakuna aliyelia.

Lakini msidhani alikuwa mtakatifu, au kwamba dhahabu aliidharau. Jumamosi ungemkuta kwenye mawe na nyundo, amekaa chini kati ya wanawake wengine, ndipo hapo tu nilipomwona amekaa, anaponda kama aliyetukanwa. Alikuwa na tamaa kuliko sisi. Jiwe lenye kimetameta alilificha kwenye soksi. Rashi ikinong'onezwa, Jumamosi alfajiri alikuwa wa kwanza kupanda pikipiki, mwalimu mzima, kanga kiunoni, na hakupata kitu hata mara moja. Tofauti yake na sisi ilikuwa moja. Ijumaa kabla ya kufunga aliwaambia watoto wote, waziwazi, wale waliojua kusema kila kitu nyumbani: "Kesho nakwenda kwenye mawe mahali fulani. Jumatatu uji ukiwekwa motoni mtanikuta." Mahali penyewe alipataja kwa jina, kwa hiyo siri zote za rashi aliziharibu yeye. Wachimbaji walimtukana. Jumatatu uji ukiwekwa motoni alikuwepo, uso umevimba kwa jua.

Nilimwogopa, nikamcheka, nikamheshimu. Halafu nikamdanganya.

Ilikuwa mwezi wa mvua. Mteja wangu mmoja aliniambia kwa kuninong'oneza kwamba upande wa Ringwani pameonekana kitu, wameshaingia watu wachache tu, na mama lishe wa kwanza kufika na sufuria atakuwa wa kwanza kuchagua mahali. Akaniapisha nisimwambie mtu. Bhoke kwa wakati ule alikuwa amekuwa mwanafunzi hodari, anatangulia mwenyewe njiani, anawapokea wageni na kuwaonyesha pa kukaa. Nilijua nikimwambia ukweli atamwambia Mwalimu, na Mwalimu akijua mlima wote umejua. Nilimwomba jirani amchukue mchana. Kisha pale kwenye mawe meupe nilimshika Bhoke mashavu nikasema: "Nakwenda kisimani. Narudi uji ukiisha."

Nilijua siendi kisimani, na nilijua sirudi. Nilisema hivyo kwa sababu ndiyo maneno aliyoyaamini, na yalitoka kirahisi sana.

Ringwani hapakutema kitu. Kulikuwa na matope, wanaume wenye hasira, na mvua iliyozima jiko langu kila nilipoliwasha. Mto ulijaa, magari yakakwama. Nilikaa siku tatu. Siku ya kwanza nilijiambia mtoto yuko kwa jirani. Siku ya pili nilijiambia hivyo kwa sauti. Siku ya tatu niliacha sufuria kubwa pale pale kwenye matope, nikatembea, nikapanda lori la magunia, nikashuka, nikakimbia.

Nilikuwa bado nakimbia nilipofika kwenye mstari wa mawe, na Mwalimu alikuwa amesimama hapo.

"Tembea," akasema.

"Mwalimu, mtoto wangu..."

"Yupo. Mzima. Tembea."

Akatembea nami, na tukiwa njiani akaniambia yote kwa sauti ya chini. Jirani alikuja mchana ule kumchukua, Bhoke akakataa kutoka. Alisema mama ameahidi kumkuta hapa. Wakamvuta, akakumbatia nguzo. Mwalimu akaleta mkeka, akalala naye bandani siku zote tatu. Mtoto alikula vizuri, alicheza, hakulia hata kidogo. Ila siku ile ya kwanza, uji wake ulipobaki mafunda mawili, aliacha kunywa. Akakiweka kikombe kwenye kona. Kesho yake alipewa uji kwenye kikombe kingine, akanywa wote, lakini kile hakutaka kiguswe. Mwenzake alitaka kukiosha, akamng'ata.

"Nilimuuliza kwa nini," Mwalimu akasema. "Akaniambia, uji haujaisha. Kwa hiyo mama hajachelewa."

Sijui niliingiaje bandani. Bhoke alikuwa amekaa na wenzake, akaniona, hakukimbia. Alikwenda kwenye kona, akaondoa sahani aliyofunikia Mwalimu ili nzi wasiingie, akakishika kikombe kwa mikono miwili. Kilikuwa cha plastiki, cha bluu, kimevunjika mkono. Uji ulikuwa umechacha, harufu yake niliisikia pale nilipokuwa nimesimama. Nikanyoosha mkono nimnyang'anye, Mwalimu akanishika kwa ule mkono wake uliopinda, na sikujua kama una nguvu kiasi kile. Bhoke alikunywa mafunda yote mawili, uso umemkunjana, akageuza kikombe chini kuonyesha hakuna tone.

"Umeisha, mama," akasema. Ndipo akaja.

Nililia mbele ya watoto wote, nao wakaniambia pole kwa pamoja, kama wanavyomwambia Mwalimu akinusa ugoro. Mwalimu hakunigombeza. Aliniambia tu kesho nirudi kwenye benchi, siku ya kwanza. Nilikaa kwenye lile benchi mwezi mzima, uji ukiwekwa motoni, uji ukiiva, uji ukipoa, kwa sababu safari hii Bhoke ndiye aliyekataa kusema nimehitimu.

Dhahabu ikapungua, watu wakaanza kutoweka mmoja mmoja kwa mtindo wetu ule ule, asubuhi unakuta kibanda kimebaki miti. Mwalimu naye alitaka kurudi kwao. Lakini aliaga kwa mwezi mzima. Alijaza kokoto kwenye kopo la maziwa ya unga, na kila asubuhi mtoto mmoja alitoa kokoto moja akaitupa nje, na wote wakahesabu zilizobaki. Watu wazima walichoka. "Si aende tu," tulisema, "msiba gani huu wa kila siku?" Mimi nilichoka kuliko wote. Kila kokoto ikitupwa niliondoka kwenda kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi. Siku kopo lilipobaki tupu, wazazi walipanga mstari kumpa mkono, Bhoke wangu akiwa wa mbele, na mimi nilijificha nyuma ya gari la maji mpaka pikipiki yake ikapotea kwenye kona. Nilijiambia nina wateja. Wateja gani, watu walikuwa wameisha.

Miaka imepita, siihesabu. Bhoke ni mama sasa, tunaishi Tarime, ana binti wa miaka minne aliyetakiwa kuanza chekechea Jumatatu iliyopita. Yeye ana kazi, mimi ndiye wa kwenda naye. Wiki iliyopita alikuwa anapiga pasi sare ndogo, hakuniangalia, akasema: "Mama, ukimpeleka, usimtoroke." Alisema taratibu tu, kama mtu anayekumbusha chumvi. Nikainuka nikatoka nje, nikazunguka nyumba mara mbili. Nilidhani alisahau. Jioni niliuliza watu, nikapata dereva anayepeleka mboga kwenye kambi za watalii, akaniambia mwalimu mzee namna hiyo yupo, Natta, kwa binti wa kaka yake anayefua mashuka kambini. Nikaenda.

Nilimkuta amekaa. Hilo lilinishtua kuliko mvi na kuliko macho yake yaliyoingia ukungu. Mwalimu, kwenye kiti, miguu imetulia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Ni nani?"

"Mama Bhoke."

Akafikiri. "Wa maharage."

"Ndiyo."

"Wa kikombe."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Siku naondoka ulikuwa wapi?"

Nilikuwa nimeandaa la kusema kuhusu wagonjwa na safari. Nikasema: "Nilijificha nyuma ya gari la maji."

"Najua. Kanga yako ya njano ilionekana chini ya gari." Akacheka, kile kicheko kilekile kisicho na tuni. "Mtu mzima amechutama!"

Tulizungumza, ingawa alirudia maneno na mara mbili aliniuliza tena mimi ni nani. Nilimweleza habari ya mjukuu. Yule binti wa kaka yake akamletea uji, akanywa kidogo kidogo, katikati akasinzia, kikombe kikiwa kwenye mapaja. Nje gari la mboga likapiga honi. Yule binti akakitoa kikombe polepole, akaninong'oneza: "Nenda tu, mama. Ukimwamsha atasumbuka, atauliza mchana kutwa umekwenda wapi. Afadhali asione."

Nilishavua viatu. Nilikuwa navyo mkononi, nimefika mlangoni kwa ncha za vidole, ndipo nilipojiona. Miaka yote ile, na miguu yangu bado inajua njia hiyo moja tu. Honi ikapiga tena. Nikarudi, nikakaa chini sakafuni, na nikasubiri. Dereva alitukana, akaondoka kupeleka mboga zake, akasema akirudi hatanisubiri hata dakika. Sikumbuki kama nimewahi kukaa vile kwa hiari yangu. Niliwashwa mwili mzima.

Alipoamka aliangalia mlango kwanza. Halafu akaniona.

"Mwalimu, naondoka," nikasema. "Nakwenda Tarime. Jumatatu nampeleka mjukuu shule."

"Anakupeleka."

"Ananipeleka."

"Na huku unarudi lini?"

Nilitaka kusema Mungu akipenda, kama tunavyosema wote. Nikasema: "Jumamosi ya wiki ijayo. Mchana, akina mama wakitoka kuteka maji."

Akanyoosha mkono kwa binti, akaomba kikombe chake. Akanywa, akaangalia ndani kwa macho yake yale mabovu, akanywa tena kidogo, akaacha. Akafunika kwa sahani, akakisogeza chini ya kiti.

"Haya," akasema. "Nenda."

Jumatatu mjukuu wangu alinishika mkono, akakosea njia mara moja, tukarudi. Mwalimu wa siku hizi, msichana mdogo, alishangaa bibi mzima anaomba kukaa kwenye benchi la watoto, lakini aliniacha. Bhoke alitupigia simu mchana kuuliza, nikamwambia niko hapa, sijaondoka, naye akasema, "Asante, mama." Jana mjukuu aliniambia naweza kurudi uji ukiisha.

Leo ni Alhamisi. Mvua imenyesha huko juu, wanasema barabara ya Mugumu, ya kwenda Natta, ni mbaya na magari yanakwama. Mfuko wangu uko mlangoni tangu jana na nitaondoka kesho alfajiri, ikibidi kwa miguu. Nimemwambia Bhoke ninakokwenda, nimemwambia mjukuu, nimewaambia majirani wote. Natta kuna kikombe chenye mafunda mawili ya uji chini ya kiti, na mimi bado sijachelewa.